Ruzuku za masomo ya kilimo Pwani: zatoka wapi, zafika vipi, na kwa nini hazidumu

Mtahiniwa wa KCSE anayefanya somo la kilimo huwa na karatasi tatu. Mbili huzifanya kwa kalamu ndani ya darasa. Ya tatu huifanya kwa jembe: ni kazi ya mradi, ambapo hutunza mimea au mifugo hatua kwa hatua, huku mwalimu akimpa alama. Mbegu za mradi huo hununuliwa. Mbolea hununuliwa. Mvua ikichelewa, maji nayo hununuliwa. Wazazi wengi wameniuliza swali moja: mbona mambo haya hutoka mfukoni mwetu, ilhali kila tukifungua redio twasikia kuna ruzuku za kilimo?

Swali ni la haki, na jibu lake si fupi. Nimekaa miaka sita kwenye bodi ya shule ya upili kama mwakilishi wa wazazi, na nimesaidia vikundi vya vijana na vyuo vya ufundi kuandika maombi ya ufadhili. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa kila mzazi, mwalimu na kijana wa Pwani ayaweke mahali aweze kuyarudia. Nitaeleza pesa zatoka wapi, zapitia mikono ya nani, na huomba nini yule mwenye kuzitoa. Lakini nitasema na langu pia: kwetu hapa ruzuku ya kuanzisha hupatikana. Inayokosekana ni pesa ya kudumisha.

Kilimo ni cha kaunti, shule ni ya Nairobi

Tuanzie kwenye Katiba ya 2010, kwa sababu hapo ndipo fundo lilipo. Jedwali la Nne limegawa kazi kati ya serikali mbili. Kilimo, yaani mimea, mifugo na uvuvi, kimepewa kaunti, na sera ya kilimo ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vimepewa kaunti. Shule za msingi, shule za upili, vyuo vya juu na vyuo vikuu vimebaki kwa serikali ya kitaifa.

Tazama linalotokea. Afisa wa kilimo wa wadi analipwa na kaunti. Mwalimu wa kilimo analipwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Shamba la shule laweza kuwa hatua mia kutoka ofisi ya afisa yule, lakini kulihudumia si sehemu ya kazi aliyoandikiwa. Akienda, huenda kwa hisani. Na bajeti ya kilimo ya kaunti haiwezi kununua pampu ya shule ya upili hivi hivi, kwa sababu shule hiyo si ya kaunti. Kifungu cha 187 cha Katiba chaziruhusu serikali hizi mbili kuhamishiana kazi, lakini kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Jambo hili si la nadharia. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba zisitoe basari kwa wanafunzi wa ngazi zisizo zao bila makubaliano hayo, na mvutano ukafika mahakamani. Kwa hivyo ukienda ofisi ya gavana kuombea shule ya upili shamba la mfano, usishangae ukiambiwa, "Hilo si letu." Hawakufukuzi. Wanakusomea Jedwali la Nne.

Pesa za shule ya kutwa

Shule ya upili ya kutwa ya serikali imepangiwa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, imepangiwa Sh15,042. Shule ya msingi, Sh1,420. Pesa hizi huja kwa mafungu yenye majina: kuna fungu la vifaa vya masomo, la ukarabati, la umeme na maji, la mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, na kadhalika. Fungu la shamba halimo.

Hii haina maana kwamba shule haiwezi kununua mbegu. Mbegu za mradi zaweza kuingizwa kwenye vifaa vya masomo, kama vile kemikali za maabara zinavyoingizwa. Lakini zitashindana na chaki, vitabu, karatasi za mtihani na hiyo maabara yenyewe. Bodi ikikaa kugawa kidogo kilichopo, aliye na sauti kubwa ndiye anayepata, na shamba halina sauti.

Halafu kuna suala la kiasi kinachofika kweli. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina inamudu kama Sh16,900 kwa mwanafunzi wa upili badala ya Sh22,244. Kauli hiyo ilizusha kelele nchi nzima, lakini walimu wakuu hawakushtuka. Walikuwa wakiishi na pengo hilo muda mrefu. Pengo kama hilo likiingia shuleni, kitu cha kwanza kukatwa ni kile kisicho na jina kwenye orodha.

Na hata kinachofika kina wakati wake. Mgao hupangwa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Sisi wa Pwani twajua mvua zetu. Masika, ambayo wazee huita mvua ya mwaka, huanza mwishoni mwa Machi au Aprili kusi inapoingia, na kilele chake ni Mei. Ardhi yataka kulimwa Februari na Machi. Mbegu zataka kuwa ghalani kabla ya shule kufungwa Aprili. Pesa ya muhula wa kwanza ikichelewa wiki sita tu, mwanafunzi atarudi likizoni akute majirani wamepalilia naye hajapanda. Mvua haingoji mgao.

Vyuo vya ufundi na vyuo vya kadri

Zamani Pwani tulikuwa na Taasisi ya Kilimo ya Kilifi. Mwaka 2007 ikageuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na 2013 ikapata hati yake kama Chuo Kikuu cha Pwani. Ni fahari yetu, na masomo ya kilimo bado yafundishwa pale hadi shahada za juu. Lakini kijana aliyepata D+ na anataka kujua kupandikiza miembe au kutibu mbuzi hatafuti shahada. Mzigo wake umehamia vyuo vya ufundi vya kaunti na vyuo vya kadri vya kitaifa.

Hizi ni taasisi mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Chuo cha ufundi cha kijijini, kile tulichozoea kukiita politeknik, ni cha kaunti. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18 serikali ya kitaifa ilikuwa ikizipa kaunti ruzuku maalumu kwa ajili ya vyuo hivi, Sh15,000 kwa kila mwanafunzi. Pesa hiyo ilikuwa na jina: haikuruhusiwa kujenga barabara wala kununua gari. Mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo, pamoja na nyingine kadhaa, iliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti, ambao ukafika Sh370 bilioni. Kwenye makaratasi pesa haikupotea. Lilichopotea ni jina. Tangu hapo, chuo chako cha ufundi kupata kitu au kutopata ni uamuzi wa bunge la kaunti, mwaka baada ya mwaka.

Chuo cha kadri, kama Chuo cha Teknolojia cha Pwani kule Voi au Politeknik ya Kitaifa ya Pwani mjini Mombasa, kiko chini ya serikali ya kitaifa. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa Sh30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi aliyepelekwa huko kupitia KUCCPS, na bodi ya mikopo ya HELB ikatoa mkopo wa hadi Sh40,000, wakati karo ilikuwa Sh56,420. Mwaka 2023 mfumo ulibadilishwa, na sasa kiasi cha ufadhili na mkopo chategemea uwezo wa familia. Mzazi ashike mambo mawili. Kwanza, bila kupitia KUCCPS mwanafunzi hapati ufadhili huo. Pili, mkopo wa HELB ni mkopo. Usiuite ruzuku mbele ya mtoto, akaja kushtuka baadaye.

Basari hulipa karo, hazilipi shamba

Basari za NG-CDF na za kaunti zimesomesha wengi, nami siwezi kuzibeza. Lakini basari humfuata mwanafunzi na huishia kwenye karo. Chuo kikipokea karo ya wanafunzi arubaini wa kilimo, bado hakijapata ng'ombe wa kujifunzia. Ndiyo maana utakuta kijana amemaliza stashahada ya mifugo na hajawahi kukamua.

NG-CDF yenyewe yaweza kujenga darasa, maabara au tangi la maji shuleni, kwa sababu shule ni kazi ya serikali ya kitaifa. Hapo ndipo shamba laweza kupenya: tangi lililoombwa kwa ajili ya jikoni na vyoo laweza pia kumwagilia sukuma wiki. Kamati ya eneo bunge hupokea mapendekezo kutoka wadi. Pendekezo likiandikwa "maji ya shule" lina nafasi kubwa kuliko likiandikwa "mradi wa kilimo", na hakuna uongo ndani yake.

Wafadhili na mabanda ya nailoni

Kisha kuna wafadhili: mashirika, wakfu za mabenki, makampuni, balozi, wanavijiji walioko Ghuba na Ulaya. Hawa ndio watu humaanisha wakisema "ruzuku". Wengi wao hutoa kitu kinachopigika picha. Katika Pwani yetu, kitu hicho mara nyingi ni kivungulio, lile banda la nailoni la kuoteshea nyanya.

Katika shule moja niliyoijua kwa karibu, mfadhili ambaye sitamtaja alileta banda zuri, tangi la lita elfu tano na mipira ya matone. Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, pilau na hotuba. Mkataba ulisema mfadhili atalipa vifaa na mafunzo ya siku tatu. Haukusema ni nani atakayelipa petroli ya pampu. Haukusema ni nani atakayemwagilia Agosti shule ikifungwa, wala nani atanunua nailoni ya pili, ilhali jua letu na upepo wa kusi huila nailoni upesi. Bodi ilipouliza, ikajibiwa kwamba gharama za kila siku "haziruhusiwi na masharti". Nyanya za kwanza ziliuzwa, na walimu walifurahi. Msimu wa pili zikaingia bakteria mnyauko, ugonjwa ambao hukaa udongoni na ndani ya banda huwezi kuukimbia kwa kuhama shamba. Leo pamebaki vyuma. Tangi lafanya kazi, na namshukuru aliyelitoa.

Sikusimulii haya kumlaumu mtu. Masharti ya namna ile ni ya kawaida kwa wafadhili wengi: vifaa ndiyo, mishahara hapana. Wao huogopa kulea utegemezi. Lakini matokeo yake ni kwamba kila miaka mitatu kijiji huzinduliwa kitu kipya juu ya mifupa ya kitu cha zamani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wetu huja na jembe, lakini siku ya tatu wamekwisha kuondoka.

Wamarekani walikwenda kinyume

Hapa naomba nikupeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna nchi iliyolitatua jambo hili zaidi ya miaka mia iliyopita, na vilabu vyetu wenyewe vya kilimo shuleni vimeiga kutoka kwake. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ni ndugu wa vilabu vya 4-H vya Marekani. Vyetu vilivuma, vikazorota, vikazinduliwa upya mwaka 2021.

Februari 1917, Rais Woodrow Wilson alitia sahihi sheria iitwayo Smith-Hughes, ya kufadhili masomo ya ufundi, kilimo kikiwamo, katika shule za umma. Masharti yake yafaa kusomwa polepole na kila mfadhili anayekuja Pwani.

Kwanza, pesa za serikali kuu zilikuwa za kulipa mishahara ya walimu wa kilimo na kuwafundisha walimu hao. Zilikatazwa kujenga au kukarabati nyumba, kununua vifaa, au kununua na kukodi ardhi. Hayo, sheria ilisema, ni jukumu la jimbo na wenyeji. Pili, kila dola ya serikali kuu ilitaka dola nyingine kutoka kwa jimbo au wenyeji. Tatu, shule ilitakiwa kuhakikisha mwanafunzi anafanya kazi ya shamba chini ya usimamizi kwa muda usiopungua miezi sita kila mwaka, iwe shamba la shule au la nyumbani kwao.

Ona tofauti. Kwetu mfadhili hununua banda na kukataa mshahara. Kule serikali ililipa mshahara na kukataa banda. Walijua kwamba mwenyeji anaweza kupata ardhi na mbao, lakini hawezi kumlipa mtaalamu mwaka mzima. Na kwa kuwa mwalimu alilipwa, likizo haikuua shamba, maana mradi wa mwanafunzi ulikuwa nyumbani kwao na mwalimu aliutembelea huko.

Mfumo ule haukuwa wa haki kwa wote. Katika majimbo ya kusini wanafunzi weusi walitengwa katika shule zao na kupata kidogo, na chama chao cha vijana wakulima kilikuwa kando hadi 1965 kilipounganishwa na kile cha wazungu. Hata hivyo mti ulishika mizizi. Hadi leo wizara ya kilimo ya Marekani hushindanisha shule za upili na vyuo vya jamii vya miaka miwili kwa ruzuku za masomo ya kilimo, juu ya pesa za kila mwaka za mafunzo ya ufundi zinazopitia majimboni.

Mifano yetu wenyewe

Huna haja ya kufika Marekani kuona pesa inayojirudia. Sisi tunayo, na twaisahau.

Nenda Gazi, Kwale. Tangu 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza msitu wa mikoko wa takriban hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na huuza hewa kaa inayohifadhiwa pale. Pesa si nyingi kama watu wanavyodhani, lakini huja kila mwaka, na wanakijiji wenyewe huamua ziende kwenye maji, shule au afya.

Nenda Mida, karibu na Watamu. Tangu 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa na mpango wa kusomesha watoto wa upili kutoka vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida. Sehemu ya pesa hutoka kwa wageni wanaolipa kupita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko. Daraja lilijengwa mara moja na karo hulipwa kila muhula.

Na kabla ya hayo yote palikuwa na wakfu. Babu zetu walipotaka msikiti upate mafuta ya taa na mwalimu wa chuo apate riziki, hawakuandika mchango wa siku moja. Walitenga shamba la minazi. Mnazi ukiangushwa kila miezi michache, mwalimu hula, na mtoaji alikuwa amekwisha kuzikwa miaka hamsini. Kuna wakfu ulioliwa na kuna ulioporwa, hilo sote twalijua. Lakini fikra yenyewe ilikuwa sahihi: usitoe samaki, toa ndoana na mvuvi wa kuishika.

Kwa hivyo mimi nashauri hivi. Shule au chuo kikipewa nusu milioni, kisinunue banda la nusu milioni. Kitenge sehemu ya pesa ipande kitu kinacholipa matunzo yake: minazi mifupi, miembe ya kupandikizwa, ndimu, kuku wa kienyeji, na mwani kwa wale wa pwani ya kusini. Mauzo yaingie kwenye akaunti ya shule kwa jina lake, na kazi yake ya kwanza iwe kumlipa mtu mmoja wa kumwagilia likizoni.

Ukitaka kuomba: nyakati na makaratasi

Nimalizie na mambo ya vitendo, maana ndiyo niliyoulizwa zaidi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Chuo cha ufundi kisichojitokeza kwenye vikao vya umma vya mpango wa Septemba kitakuta bajeti ya Aprili imejaa. Nendeni na ombi lililoandikwa, lenye kiasi, na lisomwe ili liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Na kwa kuwa pesa za Julai hazitawahi masika, pangeni kupanda kwa mvua za vuli za Oktoba na Novemba.

Kwa shule, msimu wa masika huamuliwa Januari. Bodi ikikaa kikao cha kwanza cha mwaka, mwakilishi wa wazazi adai fungu la mbegu litengwe siku ile ile mgao unapofika, na liandikwe kwenye kumbukumbu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa bodi kazi ya kupokea pesa zote za shule na kuzitolea hesabu. Msaada wa mfadhili nao upitie hapo. Ukiingia kwenye simu ya mtu, hata awe mwema vipi, umekwisha kuwa shida.

Kikundi cha vijana au cha wazazi kinachotaka ruzuku kwa jina lake lazima kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mfadhili atauliza cheti, katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na hesabu za mwaka uliopita. Hata kama hesabu ni za elfu thelathini, ziandikwe.

Kitu kitakachowakwamisha wengi ni ardhi. Mfadhili anayechimba kisima huuliza hati, na shule nyingi za Pwani zimekaa juu ya ardhi isiyo na hati kwa jina lao. Anzeni kufuatilia jambo hili sasa, kabla ya mfadhili kuja, kwa sababu akija huwapa mwezi mmoja na hati haipatikani kwa mwezi mmoja.

Na kwenye ombi lenyewe, msiandike tu vitu mnavyotaka. Andikeni ukurasa mmoja wenye kichwa "Baada ya mfadhili kuondoka". Semeni nani atamwagilia Aprili, Agosti na Desemba, na atalipwa kwa nini. Semeni pampu ikiharibika itatengenezwa na fundi gani na kwa pesa zipi. Semeni mtauza nini na wapi. Kama mfadhili amekataza mshahara, mwombeni aruhusu angalau posho ya mtunza shamba kwa miezi kumi na minane, hadi mazao yaanze kumlipa. Nimeona wafadhili wawili wakikubali baada ya kusoma ukurasa kama huo. Nimeona pia mmoja akikataa, na bodi ikamshukuru na kumrudisha. Haikupata banda, na haikupata mifupa ya banda.

Kuanzia 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia gredi ya 10, na kilimo kiko miongoni mwa masomo wanayoweza kuchagua. Mtaala huu wataka mtoto aoneshe anaweza kufanya, si kwamba anakumbuka. Shule iliyo na maji, mbegu na mtu wa kutunza itamfundisha. Isiyo navyo itamchorea mchicha ubaoni. Kikao cha bodi yenu cha Januari ndicho kitakachoamua ni ipi kati ya hizo mbili, na mzazi ana haki ya kujua kiliamua nini.